Kumhudumia mkazi mwenye demensia iliyofika mbali: mwongozo kwa wahudumu wa nyumba za wazee Uingereza

Tangu Februari 2022, serikali ya Uingereza ilipofungua viza kwa wahudumu wa wazee, Waafrika Mashariki wengi wameingia katika kazi hii. Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje Julai 2025, lakini sisi tuliokwisha kuingia bado tupo. Wiki ya kwanza utafundishwa kunawa mikono, kutumia mashine ya kunyanyulia na pa kutokea moto ukizuka. Halafu unapelekwa kwa wakazi wasiosema tena, wasiotembea, wanaolishwa kwa kijiko, na unaambiwa: "Hawa ni rahisi, hawasumbui." Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kauli hiyo si kweli, na wanaoumizwa nayo hawawezi kuipinga.

Takriban asilimia 70 ya wakazi wa nyumba za wazee Uingereza wana demensia, yaani kuharibika kwa ubongo kunakomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wake, au tatizo kubwa la kumbukumbu. Kipimo cha daktari Barry Reisberg wa New York kinaugawa ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia iliyo ya kawaida zaidi, katika hatua saba. Kwenye hatua ya saba maneno hupungua hadi matano au sita, kisha huisha. Baadaye mtu hupoteza kutembea, kukaa bila kuegemezwa, kutabasamu, na mwishowe hata kuinua kichwa. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka. Ila ngozi bado inahisi, masikio bado yanasikia, ulimi bado unajua utamu. Kila unachomfanyia mkazi huyu kinamfikia kwa njia hizo, na hana njia nyingine ya kukutambua wewe ni mtu wa namna gani.

Najua swali linalofuata: muda tutautoa wapi, na zamu ina watu wachache? Muda wenyewe upo ndani ya kazi unazozifanya tayari. Utamwosha leo. Utamlisha, utamgeuza, utambadilisha nepi. Ukijumlisha, ni saa kadhaa kila siku ambazo mikono yako iko juu ya mwili wake. Ubora wa maisha yake umo humo zaidi kuliko katika shughuli za burudani zinazobandikwa ukutani kila Jumatatu.

Hatua ya 1: Mjue kabla hujamgusa

Faili lake litakuambia dawa na magonjwa. Halitakuambia mengi unayoyahitaji saa moja asubuhi. Hayo utayapata kwa familia, na ufunguo ni kuuliza vitu vidogo. Ukiuliza "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mwema. Uliza: Alikuwa akioga asubuhi au usiku? Chai yake ilikuwa na sukari? Alilala ubavu gani? Alipenda kushikwa, au alikuwa mtu wa kukaa mbali na watu? Kuna kitu alikiogopa, maji usoni, giza, mbwa? Alifanya kazi gani, na mikono yake ilizoea kushika nini? Kanisani alikwenda? Nyumbani walimwitaje?

Hilo la jina lina uzito kwetu. Tumelelewa kumwita mtu mzima mama, bibi, babu au mzee, na kutaja jina lake kavu kunatukaba. Hapa lakini bibi wa miaka 90 anaweza kuudhika kuitwa "grandma" na mtu asiye mjukuu wake. Mwingine alikuwa mwalimu mkuu na aliitwa kwa jina la ukoo maisha yake yote. Mwingine anaitikia jina la utani la utotoni tu, kwa sababu mengine yote yameshapotea. Uliza, andika, na kila mtu wa zamu alitumie jina hilohilo. Heshima yako itaonekana katika sauti na mikono.

Andika majibu kwenye karatasi moja, si kumi, na iwekwe ndani ya mlango wa kabati ambapo mhudumu mpya au wa wakala ataiona, mgeni asiione.

Kuna jambo moja ambalo wewe msemaji wa Kiswahili unaweza kuligundua wakati wenzako wote wamelikosa. Demensia inapoendelea, lugha zilizojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka, na za utotoni hubaki. Leicester na baadhi ya mitaa ya London ina wazee wa asili ya Kihindi waliofukuzwa na Idi Amin kutoka Uganda mwaka 1972, au waliohama Kenya na Tanzania miaka ileile. Kiingereza kikiwatoka wanarudi kwenye Kigujarati au Kikachi, na katikati yake kinachomoza Kiswahili cha dukani na cha jikoni walichokulia nacho Kampala, Kisumu au Zanzibar. Mzee akirudia "maji, maji" na maandishi ya zamu iliyopita yanasema "anatoa sauti zisizo na maana", nenda kamletee maji. Msalimie kwa Kiswahili uone uso wake. Kisha mweleze nesi, iandikwe kwenye mpango wake wa huduma pamoja na maneno kumi au kumi na tano ambayo wenzako wanaweza kuyatamka: maji, moto, baridi, inauma, pole, taratibu, lala, basi.

Hatua ya 2: Tafuta maumivu kabla ya kutafuta kingine chochote

Ningeruhusiwa kukuachia hatua moja tu katika mwongozo huu, ningekuachia hii. Mkazi anayepiga kelele anapogeuzwa, anayekamata mkono wako na kuuminya, anayetema chakula, anayekunja uso na kukataa kuoga, huandikwa haraka kuwa ana "tabia ngumu". Nusu ya kazi yetu ni kukataa kuishia hapo. Mtu asiyeweza kusema "nyonga inaniuma" ataisema kwa mkono.

Mwaka 2011 watafiti wa Norway walichapisha jaribio lililofanywa katika nyumba 18 za wauguzi, kwa wakazi 352 wenye demensia na tabia za kuhangaika. Kundi moja lilipewa dawa za maumivu kwa mpangilio, wengi wao parasetamoli tu, kwa wiki nane. Mahangaiko yakapungua kwa wastani wa asilimia 17 kuliko kundi la pili. Linganisha na njia ya kuwatuliza kwa dawa za magonjwa ya akili. Ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza mwaka 2009 ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye demensia nchini humu walikuwa wakipewa dawa hizo kwa mwaka, na kwamba zilichangia vifo vya ziada 1,800. Kwa hiyo unapompelekea nesi taarifa ya maumivu, unaweza kuwa unamwepusha mkazi na dawa yenye hatari kubwa kuliko tatizo lenyewe.

Nyumba nyingi hutumia kipimo cha Abbey, kilichotungwa Australia. Kina mambo sita, kila moja alama 0 hadi 3: sauti anayotoa, uso, mwili unavyojikunja au kuhangaika, tabia iliyobadilika kama kuacha kula, dalili kama jasho na mapigo ya haraka, na mabadiliko ya mwilini kama vidonda au viungo vilivyokakamaa. Jumla ya 3 hadi 7 ni maumivu madogo, 8 hadi 13 ya kati, 14 kwenda juu ni makali. Kijaze wakati anasogezwa, anavishwa au anageuzwa. Ukikijaza akiwa amelala kimya kitini utapata sifuri ya uongo, na ni hivyo ndivyo kinavyojazwa mara nyingi.

Kisha chunguza mwili. Anza kinywani: jino lililooza, meno bandia yanayokwaruza, utando mweupe ulimini. Alipata choo lini? Angalia kitabu cha choo, si kumbukumbu ya mtu. Kukosa choo siku nne kunatosha kumfanya mtu apige kelele usiku kucha. Angalia visigino, makalio, mikunjo ya chini ya matiti, kucha za miguu zilizoingia nyamani, mrija wa mkojo uliojikunja. Hakikisha miwani ni yake na kifaa cha kusikilizia kina betri. Unaweza kumkuta mtu amekaa wiki nzima na kifaa kilichokufa sikioni, kikiwa kizibo tu.

Zungumza pia na nesi kuhusu parasetamoli iliyoandikwa "ikihitajika". Kwa mtu asiyeweza kuomba, "ikihitajika" mara nyingi maana yake ni kwamba hapewi. Omba daktari aulizwe kama inaweza kuwa ya kila siku kwa saa maalumu, kipimo kikizingatia uzito wake, kwa sababu wengi wao wako chini ya kilo 50. Dozi ya asubuhi itolewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoshwa. Mpangilio huo peke yake unaweza kubadilisha asubuhi nzima.

Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine. Mkazi ambaye jana alikuwa akifungua macho na leo halali usingizi wa kawaida bali amezimika, au aliyekuwa mtulivu na leo anararua nguo, huenda ana maambukizi, hana maji mwilini, au dawa mpya imemkataa. Hiyo ni ya kuripotiwa saa hiyohiyo. Usisubiri makabidhiano ya zamu.

Hatua ya 3: Kumkaribia, na kumwosha

Bisha hodi hata kama hataitikia. Njoo kwa mbele, maana upeo wake wa kuona umebana na anayetokea ubavuni humshtua. Chutama au keti ili uso wako uwe sawa na wake. Taja jina lake, sema wewe ni nani na unataka kufanya nini, kwa sentensi fupi. Halafu ngoja. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Ubongo wake unahitaji sekunde hizo, nasi kwa haraka zetu tunakuwa tumeshavuta blanketi kwenye ya tatu.

Pasha mikono joto kwa maji kabla ya kumgusa. Glavu zinahitajika unapogusa mkojo, kinyesi, damu au ngozi iliyochubuka. Kumshika mkono, kumpaka losheni mikononi au kumchana nywele hakuhitaji plastiki ya buluu ikiwa ngozi yake ni nzima na mikono yako ni safi. Kuna wakazi ambao kwa miezi hawajaguswa na ngozi ya binadamu mwenzao isipokuwa siku familia ilipokuja.

Osha sehemu kwa sehemu na mengine yote yafunikwe kwa taulo iliyotoka kwenye kikaushio, ikiwa bado na joto. Eleza kila tendo kabla hujalifanya: sasa mkono huu, sasa mgongo. Anza na sehemu asiyoiona aibu, na uso uje mwishoni kwa wengi wao, maana maji usoni huwafanya wahisi kuzama. Mpe taulo ndogo ashike. Mikono yenye kitu cha kushika haihangaiki kukushika wewe.

Akikataa, acha. Mfunike, mwambie sawa, toka, urudi baada ya dakika 15 au 20, ama aje mwenzako. Usafi wa kulazimisha unabaki mwilini mwake kama hofu hata baada ya tukio lenyewe kusahaulika, na kesho yake atakukataa tangu mlangoni bila kujua sababu.

Zipo nyumba ambazo wahudumu wawili Waswahili wanapangwa pamoja. Tunamgeuza mkazi huku tunapiga stori za nyumbani kwa Kiswahili juu ya kichwa chake. Naielewa raha ya kupata mtu wa kuzungumza naye lugha yako ugenini. Lakini mtu aliyelala pale anasikia sauti mbili asizozielewa na mikono minne mwilini mwake. Stori ziwekwe za chumba cha mapumziko.

Mikono iliyokunjamana ngumi inataka maelezo yake. Usivute vidole kwa nguvu. Shika kifundo cha mkono kwa chini, ukunje kiganja kielekee ndani taratibu. Mishipa ya vidole italegea yenyewe na utapata nafasi ya kupitisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ingia kwa upande wa kidole kidogo. Safisha kiganja, kikaushe vizuri sana kwa sababu unyevu hapo huozesha ngozi, kata kucha zisichome, kisha weka kitambaa laini kilichoviringishwa ili vidole vipumzike. Kama kinanuka au kina kidonda, mwite nesi.

Hatua ya 4: Kula, kunywa na kinywa

Mkalishe wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Keti mbele yake au pembeni kidogo. Kumlisha mtu ukiwa umesimama ni kumwagia chakula. Mwonyeshe sahani, mtajie kilichomo. Tumia kijiko kidogo cha chai, nusu yake. Gusisha mdomo wa chini, ngoja aufungue. Tazama koo likipanda na kushuka kabla ya kijiko kinachofuata, na kila vijiko vichache hakikisha hakuna kilichobaki shavuni. Sauti yake ikiwa kama ina maji ndani, akikohoa, au macho yakilenga machozi, simama na mwite nesi.

Uingereza tangu Aprili 2019 inatumia ngazi za kimataifa za IDDSI, 0 hadi 7, zinazopanga vinywaji kwa uzito na vyakula kwa ulaini. Ngazi ya 4 ni chakula laini kisicho na bonge hata moja. Ya 5 ni kilichosagwa kikiwa na unyevu, punje zisizidi milimita 4 kwa mtu mzima. Ya 6 ni vipande laini visivyozidi sentimita moja na nusu. Ngazi huamuliwa na mtaalamu wa matamshi na umezaji, si na wewe wala binti yake. Unachoweza kukisimamia wewe ni heshima ya sahani yenyewe: karoti ibaki rangi ya karoti, samaki abaki samaki, kila kimoja na mahali pake. Kuchanganya vyote viwe uji wa rangi ya udongo ni kumnyima raha ya mwisho inayobaki mdomoni.

Kopo la unga wa kuvitia vinywaji uzito lifungiwe kabatini. Mkazi mmoja alifariki baada ya kuubwia unga huo mkavu, na mwaka 2015 idara ya huduma za afya ya England, NHS England, ikatoa tahadhari kwa nchi nzima.

Vinywaji vitolewe kidogo kidogo siku nzima, si bilauri tatu za mlo. Kwa asiyependa maji jaribu juisi ya baridi au sharubati, maana ulimi wa utamu hudumu kuliko mwingine.

Kila baada ya mlo, kinywa. Mswaki mdogo laini, dawa ya meno kidogo sana isiyotoa povu, meno, ufizi na ulimi. Meno bandia yatoke usiku na yawe na jina. Vijiti vya sifongo vina hatari, kwani kichwa chake kinaweza kung'oka na kukwama kooni. Mabaki ya chakula na bakteria wa kinywani vikishuka mapafuni huleta nimonia, kwa hiyo dakika hizo tatu ni kinga hasa. Baada ya kula akae wima angalau nusu saa.

Itafika siku atakapofunga mdomo na kugeuza uso. Familia, hasa ya watu wetu, huumia sana hapo na huuliza kwa nini asiwekewe mrija wa tumboni. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa, unasema wazi kwamba ulishaji wa mrija usitumike kama kawaida kwa mwenye demensia kali, isipokuwa kama kuna ugonjwa mwingine unaotibika. Haujaonyeshwa kurefusha maisha yao wala kuzuia nimonia. Kinachofanyika ni kumlisha kwa ajili ya starehe: kiasi anachotaka, anachokipenda, wakati yuko macho, na kuacha anapokataa. Maelezo hayo ni ya nesi au daktari kutoa. Wewe kazi yako ni kumwonyesha binti namna ya kumlowesha mama yake midomo, ili naye awe na la kufanya.

Hatua ya 5: Saa mbili za utulivu

Mwaka 2003 Joyce Simard, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Marekani, alianzisha utaratibu uitwao Namaste Care kwa wakazi wa namna hii, ambao huachwa kwenye viti mbele ya televisheni. Hospisi (kituo cha kuhudumia walio karibu na mwisho wa maisha) ya St Christopher's ya kusini mwa London, iliyoanzishwa na Dame Cicely Saunders mwaka 1967, ndiyo iliyousambaza katika nyumba nyingi za wazee hapa. Asili yake ni muda wa saa mbili kila asubuhi na wa saa mbili nyingine kila mchana, siku saba za wiki. Usitishwe na kiasi hicho. Anza na muda wa saa moja tu, baada ya kifungua kinywa, kwenye kona ya sebule au chumba cha kulia chakula, wakazi watano au sita, mhudumu mmoja.

Zima televisheni. Punguza taa, funga mlango, bandika karatasi nje kuomba wasipite watu na toroli la dawa. Weka muziki mmoja, si redio yenye matangazo. Nyimbo zinazofika mbali ni zile mtu alizozisikia kati ya miaka 15 na 25, kwa hiyo fanya hesabu: aliyezaliwa 1937 alikuwa kijana katikati ya miaka ya 1950. Harufu kidogo ya lavenda kwenye kitambaa inatosha. Mkalishe kila mmoja vizuri, mto, blanketi lake, miguu imeinuliwa, na hakikisha hana maumivu wala nepi iliyolowa, la sivyo yote mengine ni bure.

Kisha zunguka polepole. Mshike mkono, mwite jina, muoshe mikono ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kausha, paka losheni kidole kwa kidole. Mchane nywele. Kwa mwanamume leta brashi na povu la kunyolea; wapo ambao mkono wao unajiinua wenyewe kushika kidevu wakilisikia povu. Mpe kinywaji katikati. Aliyekuwa fundi mpe kipande cha mbao kilichopigwa msasa, aliyekuwa mshonaji mpe vitambaa. Mwanasesere huwafariji wengine sana na huwaudhi wengine, kwa hiyo mweke karibu, usimpachike mikononi, na usimnyang'anye anayembembeleza. Mwili wa mtu utakuambia kama unataka kuguswa: bega likishuka na pumzi ikiwa ndefu, endelea, mkono ukirudi nyuma, uache.

Kumaliza nako kuna namna yake. Washa taa kidogo kidogo, weka muziki mwepesi, aga kila mmoja kwa jina.

Hatua ya 6: Kugeuza na kukalisha

Mwongozo wa NICE unataka aliye katika hatari ya vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia au kukalia sehemu moja muda mrefu, ageuzwe angalau kila saa 6, na aliye katika hatari kubwa angalau kila saa 4. Fuata mpango wa mkazi wako, mara nyingi ni mfupi zaidi. Mlaze ubavu wa nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo na kati ya magoti, visigino vining'inie visiguse godoro. Usiku fanya kwa taa ndogo na maneno machache, unganisha kugeuza na kubadilisha nepi ili asiamshwe mara mbili. Ukitumia mashine ya kunyanyulia, mmoja wenu kazi yake iwe kumshika mkono na kumwambia anapaa na atatua wapi. Kuning'inia hewani bila kujua kwa nini ni jambo la kutisha.

Hatua ya 7: Familia, na siku za mwisho

Mambo haya yapangwe mapema, siyo saa nane usiku huku simu ya dharura, 999, iko mkononi. Kwa sheria ya uwezo wa kuamua ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, asiyeweza kuamua huamuliwa kwa maslahi yake bora, na mwenye hati ya uwakilishi wa afya ana sauti ya kisheria. Jua kama mkazi wako ana agizo la kutofufuliwa moyo, na ujue kwamba agizo hilo halimzuii kupewa maji, dawa ya maumivu, wala huduma nyingine yoyote. Jua kama dawa za siku za mwisho zimeshaandikwa na ziko kabatini.

Ulizeni na mambo ya dini kabla. Mkatoliki atataka padri wa kumpaka mafuta. Mwislamu atataka mtu wa kumtamkia shahada na kuelekezwa kibla, na mwili wake utaoshwa na watu wake, mazishi yakiharakishwa. Kwa Mhindu, huenda familia ikataka matone ya maji ya mto Ganga mdomoni. Namba za simu za kuwapata watu hao usiku ziwe kwenye faili.

Familia wengi huja, husimama mlangoni, hawajui la kufanya, huondoka baada ya dakika kumi, na safari zao hupungua. Wape kazi. Mpe mwana losheni na mkono wa baba yake. Mwambie asome gazeti kwa sauti, mechi za Jumamosi au hata bei za vitu. Mweleze kwamba sauti yake inafika hata macho yakiwa yamefumba.

Hatua ya 8: Andika kitu kitakachomsaidia mwenzako

"Ameoshwa, ametulia, amekula vizuri." Sentensi hiyo imejaa kwenye mafaili ya nchi nzima na haimfundishi mtu chochote. Andika hivi: "09:00, Abbey 9 alipogeuzwa kulia, uso umekunjamana, ameshika nyonga. Nesi amejulishwa, parasetamoli 09:20. 10:10, Abbey 3. Ameoshwa baada ya hapo bila kupinga, akiwa ameshika taulo. Amekula vijiko 12 vya uji, amekataa mayai. Alifungua macho muziki ulipoanza." Mwenzako wa zamu ya usiku atajua amgeuze upande gani na kwa saa ngapi.

Angalia saa unazoandika. Kompyuta na simu za kazini hapa zinahesabu kwa Kizungu, na saa 3 asubuhi yetu ni 09:00 kwao. Kwenye dawa usiandike kwa mazoea ya nyumbani.

Baada ya wiki nne za saa ya utulivu na za dawa ya maumivu ya kila siku, mwombe nesi mfungue pamoja rekodi za kabla na za sasa: uzito, alama za Abbey, kuanguka, mara ngapi dawa za kutuliza zilitolewa, mara ngapi mhudumu alipigwa wakati wa kumwosha mkazi. Zipelekeeni kwa meneja kwa maandishi. Wakaguzi wa CQC, tume inayokagua nyumba za wazee England, huuliza vitu hivyo hivyo wanapofika, na meneja mwenye majibu mkononi hukubali kwa urahisi zaidi kuongeza mtu mmoja kwenye zamu ya asubuhi.